Maswali ya Wasomaji: Mawimbi Hafifu na Kelele Zinazoyafunika

Barua za mwezi huu zimetoka Magu hadi Muscat, na karibu zote zinauliza namna ya kuongeza nguvu ya mawimbi. Mafundi wetu wamejibu nyingi kwa kurudisha swali: je, umeshajua kelele zako zinatoka wapi?

Busta imepandisha vipimo, picha bado inaganda

*Shikamooni mafundi. Antena yangu ya king'amuzi iko juu ya mlingoti, na kebo ya RG-6 ni mita 30 mpaka sebuleni. Nimenunua busta nikaifunga nyuma ya TV. Kipimo cha nguvu kimepanda kutoka asilimia 40 hadi 85, lakini picha inaganda vilevile, na chaneli mbili nilizokuwa nazipata zimepotea kabisa. Nimeuziwa busta mbovu?* — Msomaji, Magu

Marahaba. Busta huenda ni nzima. Tatizo ni mahali ulipoifunga, na pengine nguvu yake imezidi mahitaji.

King'amuzi kina vipimo viwili, nguvu na ubora, na wengi huangalia cha kwanza kwa sababu ndicho kinachopanda kwa mbwembwe. Nguvu ni jumla ya vyote vinavyoingia: kituo unachokitaka, vituo vya jirani, na kelele. Ubora ndio unaoeleza kituo chako kimezipita kelele kwa kiasi gani. Busta haichagui. Inakuza mawimbi na kelele kwa kipimo kilekile, kisha inaongeza kelele kidogo za kwake. Ubora ukishaharibika kabla ya mlango wa busta, hakuna busta itakayourudisha.

Tupige hesabu ya nyumba yako. Mita 30 za RG-6 hupoteza takriban desibeli 5 (desibeli ni kipimo cha kulinganisha nguvu: 3 ni mara mbili, 10 ni mara kumi) kwenye masafa ya megahezi 600. Tuseme king'amuzi chenyewe kina kelele za desibeli 7, na busta yako ni ya kawaida, yenye kelele za desibeli 2 na ukuzaji wa desibeli 20, yaani mara 100. Bila busta, mfumo mzima una kelele za desibeli 12, maana hasara ya kebo inajumlishwa moja kwa moja. Busta ikiwa nyuma ya TV unashuka hadi kama 7. Busta hiyohiyo ikipandishwa mlingotini, karibu na antena, unabaki na 2.4 tu. Kutoka sebuleni hadi mlingotini umepata desibeli 4.7, karibu mara tatu, na hujanunua kitu kipya. Hatua ya kwanza baada ya antena ndiyo inayoamua. Zinazofuata zinapokea mawimbi yaliyokwisha kukuzwa, na kelele zao zinakuwa kama mnong'ono sokoni.

Mbona basi hukuona hata nafuu ile ya kutoka 12 hadi 7? Hapo ndipo zinapoingia zile chaneli mbili. Busta ikimezeshwa mawimbi makali kuliko uwezo wake, inajaa, inaanza kuyachanganya na kuzalisha masafa ambayo hakuna mtu anayeyarusha, na masafa hayo ya bandia yanaangukia juu ya chaneli zako. Washukiwa wa kawaida ni mnara wa FM ulio karibu na minara ya simu ya 4G, ambayo hutumia megahezi 700 na 800, jirani kabisa na masafa ya TV. Busta ya desibeli 40 inayouzwa kwa sifa nyingi ni hatari zaidi hapa. Kwa kebo ya mita 30, desibeli 15 hadi 20 zinatosha.

Fanya hivi. Toa busta kabisa. Mtu mmoja ageuze antena polepole, nyuzi tano kwa wakati, mwingine akiangalia ubora peke yake. King'amuzi huchukua sekunde kadhaa kusoma upya, kwa hiyo msiharakishe. Ubora ukishafika kileleni, kaza. Kisha funga busta ndani ya mita moja kutoka kwenye antena, na umeme wake upitishe kwenye kebo kutoka sebuleni kwa adapta yake. Kama kuna kigawanyio cha TV mbili katikati, hakikisha ni cha aina inayopitisha umeme, la sivyo busta itabaki imezima na itazuia mawimbi kuliko hata kebo tupu.

Jambo la mwisho, na kwa kweli lilipaswa kuwa la kwanza: menya kebo pale juu kwenye antena. Nyuzi za nje zikiwa nyeusi au za kijani, maji yameshaingia. Kata sentimita 30, menya tena, na endelea kukata mpaka ukute waya unaong'aa. Funga konekta kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, juu yake uzungushie utepe wa umeme, na iache kebo ining'inie kitanzi kidogo chini ya konekta ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kutambaa hadi ndani.

Tangu tuweke sola, redio inaunguruma

*Nasikiliza idhaa za mbali kwenye mawimbi mafupi miaka mingi. Tangu tufunge sola na inveta, redio imejaa mngurumo kuanzia asubuhi. Jioni unapungua, halafu unakuja mwingine wa sauti tofauti. Nitafute redio yenye nguvu zaidi?* — Msomaji, Sumbawanga

Hapana, tunza pesa yako. Kwenye masafa ya chini ya megahezi 30, hadithi ya busta hapo juu inageuka. Kelele kubwa hazitoki ndani ya redio. Zinaingia kupitia antena. Nyingine ni za radi, na sisi tunaishi kando ya bonde la Kongo, mojawapo ya sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani. Nyingine ni za majumbani. Kuna kipimo cha dakika moja: tega redio mahali pasipo na kituo, kisha chomoa antena, au kunja ile ya fimbo. Mchirizo ukishuka wazi, redio yako ina usikivu wa kutosha tayari, na redio ghali zaidi itakusikilizisha kelele zilezile kwa ubora wa juu.

Maelezo yako yenyewe yanataja wahalifu wawili. Mngurumo wa asubuhi unaoisha jua likizama ni chaji kontrola (kifaa kinachosimamia umeme kutoka paneli hadi betri), hasa za aina ya MPPT, ambazo huwasha na kuzima umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde. Waya mrefu unaopanda kwenye paneli unageuka antena ya kurusha mchafuko huo. Ule wa usiku ni inveta, au taa za LED zenye adapta za bei rahisi. Hakikisha: weka redio kwenye betri zake, zima inveta, sikiliza, kisha chomoa taa moja moja. Ukishamjua mhalifu, zisokote pamoja waya za chanya na hasi za paneli kwa urefu wote, kisha karibu na kontrola zizungushe zote mbili kwa pamoja mara 8 hadi 10 ndani ya pete kubwa ya feriti (kauri nyeusi yenye chuma). Ukizungusha waya mmoja peke yake hupati kitu. Pete itashiba kwa umeme unaopita.

Dawa ya pili ni kuihamisha antena, kwa sababu kelele za nyumbani hupungua haraka ukiachana na kuta. Vuta waya wa mita 12 hadi 15, ukianzia angalau mita 10 kutoka nyumbani, kwenye mti au nguzo. Pale unapoanzia, weka transfoma ndogo: pete ya feriti ya aina ya 43, yenye kipenyo cha kama sentimita 3.5, mizunguko 12 upande wa waya na 4 upande wa redio. Mwisho mmoja wa ile 12 unaunga antena, mwingine unaunga fimbo ya shaba ya mita moja iliyopigwa ardhini palepale. Ile mizunguko 4 inaunga kebo ya RG-6 inayokuja ndani. Mizunguko hiyo miwili isiguse, wala isiungane hata sehemu moja. Mafundi wengi huiunganisha ili kurahisisha kazi, na hapo nyuzi za nje za kebo zinabeba kelele za nyumba hadi kwenye antena. Umefika shambani lakini umebeba sebule mgongoni.

Redio ndogo za mkononi hulewa zikipewa antena hii. Ukisikia kituo kimoja kikijitokeza kila unapogeuza, sogeza swichi kutoka DX (vituo vya mbali) kwenda Local (vya karibu), au fupisha waya. Na mawingu ya radi yakikaribia, chomoa kebo na uiache nje ya dirisha.

AM usiku

*Kwa nini redio ya AM inashika nchi za mbali usiku tu?* — Msomaji, Kigoma

Mchana jua hutengeneza tabaka la hewa yenye umeme kati ya kilomita 60 na 90 juu yetu, na tabaka hilo hunyonya mawimbi ya kati, yaani ya AM. Jua likizama linatoweka upesi, na mawimbi yanapita hadi matabaka ya juu zaidi, ambayo huyarudisha ardhini mamia au maelfu ya kilomita mbele.

Tukuongezee kitu ambacho hukuuliza. Ndani ya redio yako kuna kijiti cheusi cha feriti kilichozungushiwa waya mwembamba, na hicho ndicho antena ya AM. Ile fimbo ya nje haihusiki. Kijiti kinasikia vizuri ubavuni na hakisikii ncha yake ikielekezwa kwenye kituo. Eneo la kusikia ni pana, lakini eneo la kutosikia ni jembamba na kali. Kwa hiyo vituo viwili vikigombana, usizungushe redio kutafuta chako kinaposikika zaidi. Zungusha mpaka kile kinachokukera kizimike.

Kila Machi na Oktoba setilaiti inapotea mchana

*Assalaam aleikum. Nina dishi la sentimita 90, na LNB (kile kipokezi kilicho mbele ya dishi) imeandikwa desibeli 0.1. Kila mwaka mwezi wa tatu na wa kumi, picha inapotea kwa dakika chache mchana, siku kadhaa mfululizo, bila wingu hata moja. Fundi hapa anasema nibadilishe LNB.* — Msomaji, Muscat

Wa aleikum salaam. Usibadilishe. Kinachokupata ni jua kupita nyuma ya setilaiti yako. Jua ni mtambo mkubwa wa kelele za redio (mafundi huzipima kwa kelvini, kipimo cha joto), na kwenye masafa ya dishi lako huonekana kama kitu chenye joto la kelvini elfu kumi na zaidi. Dishi la sentimita 90 linaona eneo la anga lenye upana wa kama nyuzi 2, na jua ni nusu nyuzi. Kwa hiyo jua halijazi dishi, lakini linaongeza mamia ya kelvini kwenye mfumo ambao kwa kawaida una kama 100 tu. Mawimbi ya setilaiti hayajapungua hata chembe. Kelele ndizo zimepanda juu yao. Linapita eneo hilo kwa dakika kama nane, na kila siku linahama kidogo, ndiyo maana unaumia siku tano au sita kisha basi.

Kwa Muscat kilele kinaangukia karibu na tarehe 10 Machi na 3 Oktoba, kwa sababu mko kaskazini na dishi linaelekea kusini ya mstari wa ikweta. Ndugu zako wa Mombasa hupata yaleyale karibu na tarehe 22 Machi na 21 Septemba.

Siku hizo usizipoteze bure. Dakika picha inapokatika, jua, setilaiti na dishi viko kwenye mstari mmoja, na utaona mwanga unaorudi kutoka kwenye dishi umejikusanya usoni mwa LNB. Doa hilo la mwanga likiangukia pembeni, dishi halijalengwa sawasawa. Na kivuli cha mtende kikiwa kimelala juu ya dishi saa hiyo, basi mtende huo unaziba njia ya mawimbi mwaka mzima, na jani moja lililolowa mvua linatosha kukukatia.

Kuhusu desibeli 0.1: hizo ni sawa na kelvini 7. LNB ya bei ya kawaida, isiyopozwa kwa chochote, kwenye joto la Muscat, haifiki hapo. Iliyotengenezwa vizuri ina desibeli 0.5 hadi 1, yaani kelvini 35 hadi 75. Namba ya kwenye boksi ichukulie kama pambo.

Picha za setilaiti ya hali ya hewa

*Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita. Nimenunua kijiti cha RTL-SDR (redio ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta) na nimetengeneza antena ya V kwa kufuata maelekezo ya kupokea NOAA-19 kwenye megahezi 137.1. Nimejaribu wiki tatu, sioni hata mstari mmoja. Antena iko juu ya bati, mita moja na kidogo, na kebo ni RG-58 ya mita 20.* — Msomaji, Iringa

Kijana, antena yako haina lawama kwa hilo la kwanza. Setilaiti za Marekani NOAA-15, 18 na 19 zote zilistaafishwa mwaka 2025, na maelekezo mengi uliyoyakuta yaliandikwa kabla. Zilizobaki kwenye masafa hayo ni Meteor-M za Urusi, namba 2-3 na 2-4, kwenye megahezi 137.9 au 137.1. Antena ni ileile, ila sasa picha zinakuja kidijitali, na hilo linabadilisha tabia. NOAA ilikupa picha yenye chenga hata mawimbi yakiwa mabaya. Meteor inakupa picha safi, au haikupi kitu. Katikati ni pembamba sana. Kwa hiyo kila desibeli unayoiokoa ina thamani.

Anza na bati. Urefu wa wimbi kwenye megahezi 137.5 ni mita 2.18. Bati linarudisha mawimbi kama kioo, na yale yanayorudi yanakutana na yale yanayoshuka moja kwa moja. Antena ikiwa nusu wimbi juu ya bati, yaani mita 1.09, mawimbi yanayotoka utosini yanafutana. Yaani umeiweka mahali pabaya kuliko pote: setilaiti ikipita juu ya kichwa, wakati ambapo iko karibu zaidi, antena yako inakuwa kiziwi. Ishushe hadi sentimita 55, robo wimbi, na bati lilelile litaanza kukusaidia.

Kagua vipimo. Fimbo mbili za alumini au shaba zenye unene wa milimita 4 hivi, kila moja sentimita 53.4 kutoka kwenye skrubu. Zinashikwa na kiunganishi cha plastiki cha skrubu, kile mafundi umeme wanachoungia nyaya. Moja inaunga waya wa kati wa kebo, nyingine inaunga nyuzi za nje. Pembe kati yake ni nyuzi 120. V nzima ilale, isisimame, na mdomo wake uelekee kaskazini au kusini, kwani setilaiti hizi zinapita kutoka ncha hadi ncha ya dunia. Kulala huko kuna faida nyingine: vituo vingi vya ardhini vinarusha mawimbi yaliyosimama wima, na antena iliyolala inayapuuza kwa kiasi kikubwa. Mawimbi ya Meteor yenyewe yanazunguka kama skrubu, kwa hiyo V inakamata nusu tu, desibeli 3 chini. Tunaona ni bei nafuu kwa antena ya fimbo mbili.

Kebo. Mita 20 za RG-58 kwenye masafa haya zinakula karibu desibeli 4, zaidi ya nusu ya ulichokamata. Mita 20 za RG-6 ya dishi zinakula chini ya 2. Utaambiwa RG-6 ni ya omu 75 na kijiti chako ni cha 50. Hasara ya kutolingana huko ni desibeli 0.2, isikunyime usingizi. Bora zaidi, fupisha kebo kabisa: peleka kijiti karibu na antena na uongeze waya wa USB wa mita 3 au 5. Hilo linakiondoa pia karibu na kompyuta, ambayo ni kiwanda cha kelele.

Sasa kijiti. Wanafunzi wengi wanakipandisha ukuzaji hadi mwisho, wakidhani wanasaidia. Vituo vya FM vya megahezi 88 hadi 108 viko jirani na vina nguvu mara mamilioni kuliko setilaiti. Kijiti kikishalewa na FM, sakafu ya kelele inapanda na kila kitu kinazama. Fungua programu bila antena, uone mstari wa kelele ulipo. Unga antena, panda hatua moja moja. Mstari ukianza kuinuka kwa wazi, simama hapo. Ukiendelea, unakuza kelele na kukaribisha FM. Kama mjini kwenu kuna minara mingi, nunua kichujio cha kuzuia FM kabla ya kufikiria busta. Busta bila kichujio katika mji wenye minara ni kumwaga petroli kwenye moto.

Programu ya SatDump inafanya kazi yote. Sasisha taarifa za mzunguko wa setilaiti siku hiyohiyo, chagua Meteor LRPT ya alama elfu 72 kwa sekunde, na chagua pito linalofika nyuzi 40 au zaidi juu ya upeo. Hilo si anasa. Setilaiti iko kilomita 820 hivi ikiwa utosini, na zaidi ya kilomita 3,300 ikiwa kwenye upeo, tofauti ya desibeli 12. Setilaiti ikija kwako, masafa yanapanda kwa kama kilohezi 3, na ikiondoka yanashuka kiasi hichohicho. Programu inafuata yenyewe. Lakini vijiti vya bei ya chini kabisa vina kosa lao la masafa linaloweza kufika kilohezi 7, nalo hilo lirekebishe kwa kulinganisha na kituo unachokijua.

Wakati wa pito, angalia kisanduku chenye vidoti. Mwanzoni ni wingu moja la duara lililojaa katikati, kama pumba zilizomwagwa. Setilaiti ikipanda, wingu linapasuka na kuwa madoa manne, moja kila kona. Madoa yakishatengana, picha inaanza kujipanga mstari kwa mstari. Ukiona wingu tu pito zima, rudi kwenye bati, kebo na ukuzaji, kwa mpangilio huo.

Wati 23 kutoka kilomita bilioni 25

*Nimesoma kwamba chombo cha anga cha Voyager 1 kinatumia mtambo wa wati 23 tu, na bado Marekani wanakisikia. Hili mimi naliona kama uongo. Redio ya mtaani kwetu ina wati nyingi kuliko hizo, na haifiki Kilifi.* — Msomaji, Mombasa

Mashaka yako tunayaheshimu, kwa hiyo tukupe hesabu uipime mwenyewe. Chombo kilirushwa mwaka 1977 na sasa kiko takriban kilomita bilioni 25. Mawimbi yanachukua zaidi ya saa 23 kufika. Dishi lake la mita 3.7 linazikusanya wati 23 kwenye mwale mwembamba unaoelekea kwetu, na kwa anayekaa kwenye mwale huo ni sawa na mtambo wa wati zaidi ya milioni moja unaorusha pande zote. Redio ya mtaani kwenu haina mwale huo. Zaidi ya hayo, kati yake na Kilifi kuna mviringo wa dunia. Kati yetu na Voyager hakuna kitu.

Hata hivyo, dishi la mita 70, kama yale ya Goldstone huko California, Madrid na Canberra, linakamata wati 0.0000000000000000005 hivi. Inaonekana si kitu, mpaka uulize kelele ni kiasi gani. Kila kitu chenye joto kinatoa kelele za redio, na kiasi chake kinategemea mambo mawili tu: joto, na upana wa masafa unayoyafungulia mlango. Mfumo wa dishi lile, ukijumlisha anga na hatua ya kwanza ya ukuzaji iliyopozwa kwa heliamu, una joto la kama kelvini 20. Kwa upana wa hezi moja, kelele hizo ni ndogo mara 1,800 kuliko mawimbi ya Voyager. Kwa hiyo ndani ya hezi moja Voyager inasikika wazi kabisa. Ukifungua mlango wa hezi 2,500, upana wa sauti ya mtu, inazama.

Ndiyo maana inazungumza polepole. Mwaka 1979 ikiwa Jupita ilituma biti 115,200 kwa sekunde; leo inatuma 160. Gawa 1,800 kwa 160: kila biti ina nguvu mara 11 kuliko kelele, na kwa misimbo ya kusahihisha makosa hiyo inatosha.

Na si Marekani peke yao. Mwaka 2024 wapenzi wa redio waliisikia kwa dishi la mita 25 la Dwingeloo, Uholanzi, lililojengwa miaka ya 1950. Hawakusoma data, walichukua mlango mwembamba sana, wakakokotoa masafa yanavyohama kwa mwendo wa dunia, wakajumlisha kwa muda mpaka mstari mmoja ukajitokeza. Kelele hupanda na kushuka ovyo, kwa hiyo ukizijumlisha zinajipunguza zenyewe. Mawimbi yenye masafa thabiti hayapungui. Sampuli 100 zikiwekwa pamoja, kuyumba kwa kelele kunashuka mara 10.

Unaweza kulijaribu hili nyumbani bila dishi lolote. Chukua redio ya mawimbi mafupi yenye SSB (aina ya upokeaji wanayoitumia wapenzi wa redio), waya wa mita 10, na kompyuta yenye programu ya WSJT-X. Tega megahezi 14.0956 kwenye upande wa juu wa SSB, peleka sauti ya redio kwenye kompyuta, chagua WSPR. Watu wa mabara yote wanarusha hapo ujumbe mfupi sana kwa nguvu ya wati chache, wengine nusu wati, kila ujumbe ukichukua karibu dakika mbili ndani ya upana wa hezi 6 hivi. Masikio yako hayatasikia chochote ila mchirizo, lakini kompyuta itaandika majina ya vituo vilivyo desibeli 28 chini ya kelele. Kinachowakwamisha wengi ni saa: ujumbe huanza mwanzoni mwa dakika shufwa, na saa ya kompyuta ikikosea zaidi ya sekunde mbili hivi, utakaa usiku kucha bila kuona jina hata moja huku redio na antena ni nzima.